Watu Mia Tatu na Kumi na Wawili Hawajambo

Siku ile mjinga alikuwa Zahoro Shemdoe, na yeye mwenyewe hakatai. Wajinga wengine walikuwepo, wenye vyeo na wasio navyo, na kila mmoja angeweza kubebeshwa kipande chake. Lakini ukiugawa ujinga ule kwa haki, kama nyama ya ng'ombe wa shughuli, kichwa na miguu yote minne vinakwenda kwake.

Gego lilikuwa linamuuma tangu alfajiri. Alifika kwenye lango la Kambi ya Chumvi shavu limevimba kama la mtu aliyeficha limau mdomoni. Kamishna Masatu, mkuu wa kambi, alimpokea kwa mikono miwili akamuuliza habari za safari, na Zahoro akajibu kwamba ni njema kabisa. Naye akamuuliza Kamishna habari za afya. Kamishna, aliyekuwa akikohoa hadi kofia inahama kichwani, akasema ni nzuri, wanamshukuru Mungu. Wote wawili wakaridhika na majibu, wakaingia ndani.

Mtu mwenye akili angeshtuka palepale. Zahoro alikuwa anawaza karafuu ya kubana kwenye jino.

Alikuwa mkaguzi wa Jamhuri ya Vilima Vitatu, nchi ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya kilima cha kwanza, wa kilima cha tatu ndiye anayekuombea afya. Jeshi lake linatosha kusindikiza bendera. Kwenye mikutano ya mataifa kiti chake kiko nyuma ya nguzo, na wajumbe wake wamezoea kuihutubia nguzo hiyo kwa heshima zote. Lakini kwenye ukungu wa vilima vile huota kuvu isiyoota penginepo, na wanawake wa kilima cha pili huivundika ikawa chachu. Uzi ukichovywa chachu hiyo unakuwa hai. Unakamata unyevu katika hewa ambayo wewe ukiivuta unapata vumbi tupu, unautonesha tone kwa tone. Mnara mmoja wa nyuzi hizo unanywesha mji. Kila miezi sita nyuzi hulishwa chachu mpya. Zikicheleweshewa, siku ya kumi na moja zinakauka kama ndevu za mahindi, na hazifufuki.

Chachu haikuuzwa. Ilitolewa bure, kwa sharti moja la Sheria ya Umande: anayeipokea asimfunge mtu bila kumfikisha kwa hakimu, asimtese, na kabla ya kila shehena kuvuka mpaka, wafungwa waulizwe wenyewe. Jirani mkubwa, Jamhuri ya Tambarare, alikuwa na minara thelathini na tisa na watu milioni mbili wanaoinywea. Makaratasi yake yalisema wafungwa wote wa Kambi ya Chumvi walishahukumiwa. Makaratasi husema anachotaka mwenye kalamu. Ndiyo maana Zahoro alitumwa na Shahidi mkobani.

Shahidi ni kidude cha ukubwa wa kikombe cha kahawa, chenye ukanda wa kufunga shingoni. Mtu anapotaka kudanganya, misuli ya koo hujikaza kabla sauti haijatoka, kama mtu anayejiandaa kuinua gunia. Shahidi huusikia mkazo huo na kuwasha taa nyekundu. Mkazo usipokuwepo, inawaka ya kijani. Kisha kidude hujifunga mara tu anayejibu anapovuta pumzi baada ya neno la kwanza, ili afisa asije akamshawishi kutoa jibu la pili lenye kupambwa. Jibu la kwanza ndilo la moyo, walisema mafundi.

Swali lenyewe lilitungwa kwa miezi saba. Tambarare walikataa "Je, umeteswa?" kwa hoja kwamba linamtilia mtu maneno mdomoni. Ni Zahoro aliyeleta suluhu: swali la wazi, la upole, la kiungwana. Alipewa ngao ya mninga kwa busara hiyo, ameitundika sebuleni.

Basi akaketi kwenye hema, askari wakasimama mbali kwa mujibu wa mkataba, na wafungwa wakaingia mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye vidole vilivyoliwa na chumvi. Zahoro akamfunga ukanda.

"Hali yako hapa ikoje?"

"Nzuri," akasema mzee.

Kijani. Zahoro akamshukuru, akaita anayefuata. Mzee alibaki ameketi kidogo, mdomo wazi, na Zahoro akadhani anakistaajabia kidude.

Wa pili alikuwa salama. Wa tatu hajambo. Wa kumi na nane, mwanamke mfupi mwenye jicho moja lililoingia wingu, alisema njema, kisha akamtazama Zahoro kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekosea kuandika jina lake mwenyewe. Naye akashukuriwa, akatolewa. Ilipofika alasiri taa ya kijani ilikuwa imewaka mara mia tatu na kumi na mbili, nyekundu haikuwaka hata kwa bahati mbaya. Zahoro akaweka kidole gumba kwenye Cheti cha Utu, kibali cha shehena kuvuka mpaka. Kamishna akaandalisha mbuzi wa kuchoma, na mgeni hakuweza kumtafuna. Ndiyo adhabu pekee aliyoipata siku ile.

*

Watu wa kilima cha pili na wa kilima cha tatu ni watani tangu enzi za mababu, na utani wao hauna siku ya mapumziko. Kwa hiyo Zahoro aliporudisha Shahidi kwenye karakana ya Mashavu Singano, fundi aliyekiunda, alitegemea kupokelewa kwa matusi, na hakukosa. Mashavu alimwambia walishamchimbia kaburi, na kwa jinsi shavu lilivyovimba ingebidi waliongeze upana. Zahoro akajibu kwamba watu wa kilima cha pili hawawezi kuchimba kaburi, maana wangeligeuza pipa la kuvundikia kuvu. Wakacheka. Mashavu akaunganisha kidude na spika ili akisafishe kumbukumbu zake, kama afanyavyo baada ya kila safari.

Akasikiliza kidogo. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena.

Kisha akaacha kumtania, na hapo ndipo Zahoro alipoanza kutafuta pa kukaa.

"Mtani," akasema Mashavu, "kwenu kilima cha tatu, mtu akikupigia hodi na nyumba yake inaungua nyuma yake, unamuuliza nini?"

"Namuuliza habari."

"Naye anajibu nini?"

"Njema."

"Halafu?"

Jino la Zahoro likaacha kuuma kwa woga. "Ila nyumba inaungua," akasema.

Mashavu akaongeza sauti. Kidude kilikuwa kimejifunga kwenye pumzi kama kilivyofunzwa, lakini kinasa sauti chake hakilali, hubakiza makombo. Ikasikika sauti ya mzee wa kwanza: nzuri. Ikasikika pumzi. Halafu, chini ya sauti ya Zahoro mwenyewe, yenye furaha ya mtu anayemaliza kazi mapema, mzee alikuwa anasema: ila hakimu sijamwona tangu niletwe. Wa pili salama, ila mguu. Wa tatu hajambo, ila hawajui kwao kama yu hai. Ahsante, anayefuata. Ahsante, mama, anayefuata. Mashavu alizihesabu kwa kuchora vijiti ukutani kwa chaki. Mia mbili themanini na saba walikuwa wamefika kwenye "ila". Waliosalia walivuta pumzi tu, wakakatizwa.

Fundi hakumbebesha mtani wake mzigo wote. Alisema Shahidi walimjaribu kwa madereva, kwa wapiga ramli, kwa wezi wa kuku watatu wa kituo cha polisi, na kwa mwanasiasa mmoja aliyeiunguza taa nyekundu. Hakuna aliyekumbuka kukijaribu kwa salamu. Anayejibu "nzuri" hadanganyi, koo lake halijikazi. Wala hasemi kweli. Anafungua mlango tu ili mazungumzo yaingie. Kidude kilikuwa na taa mbili, na salamu ilihitaji ya tatu.

"Na ninyi mliandika swali ambalo kila mtu aliyelelewa analijibu kabla hajalisikia," akamalizia. "Mlikwenda gerezani mkapiga hodi, mkaitikiwa karibu, mkageuka mkaondoka."

Zahoro aliuliza kama makombo yale yanaweza kupelekwa wizarani kama ushahidi. Mashavu akatikisa kichwa. Kwa sheria, baada ya kidude kujifunga, kilichosemwa ni kelele. Cheti ndicho kilichosimama. Na Cheti kilikuwa na jino jingine ambalo Zahoro alilijua vizuri, kwa kuwa yeye ndiye aliyelifafanua kwenye mkataba: mfungwa akishathibitisha kwa kinywa chake kwamba hana shida, malalamiko yote ya ndugu zake hufutwa, na jalada lake hufungwa moja kwa moja. Wale mia tatu na kumi na wawili hawakukosa msaada tu. Kidole chake kiliwafungia mlango, na ndani wamo.

Kilibaki kifungu kimoja. Mkaguzi aweza kuusahihisha ushahidi wake ndani ya siku saba, kwa maswali yake mwenyewe, palepale alipouchukulia, mbele ya walewale, kwa kidole kilekile. Akisahihisha, shehena ya chachu inabaki mpakani mpaka wafungwa wafikishwe kwa hakimu. Siku moja ilikwisha kuliwa na safari. Nyuzi za Tambarare zilitakiwa kulishwa Ijumaa.

*

Waziri wa Mambo ya Nje, Bi Rukaya Sekiete, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya. Ndiye aliyemtoa Zahoro kwenye foleni ya vibarua akamfunza kazi, na alikuwa anamjua mpaka kwenye kovu.

Hoja zake hazikuwa za mtu mbaya. Alisema mahindi ya Vilima Vitatu yanapita Tambarare kabla ya kufika vinywani mwao, na Tambarare wakiamua kuchelewesha malori wiki mbili tu, kilima cha kwanza kitakula mihogo na cha tatu kitakula maneno. Alisema kuna nchi kubwa zinazotoa misaada na kufumba macho, na nyingine zinazokemea bila kutoa hata ndoo, na kwamba wao peke yao, watu wa nyuma ya nguzo, ndio waliojitia kutoa na kukemea kwa pamoja. Alisema hilo lilikuwa fahari yake, na bado ni fahari yake. Halafu akafika pale Zahoro alipojua atafika.

Miaka thelathini nyuma, Zahoro alikuwa mkimbizi katika kambi ya ng'ambo, akibeba madumu. Nchi moja tajiri ilikuwa ikiendesha pampu za pale. Siku moja ikatangaza kwamba serikali ya eneo lile inavunja haki za watu, kwa hiyo inasitisha msaada mpaka itakapojirekebisha. Serikali haikujirekebisha, ilikuwa inakunywa kwingine. Pampu zikanyamaza. Wiki ya tatu Zahoro alimzika dada yake, Mwanaidi, na alilichimba kaburi mwenyewe kwa bati.

"Wewe," akasema Bi Sekiete polepole, "kati ya watu wote, ndiye wa kuniambia nimkatie mtu maji kwa ajili ya haki zake?"

Zahoro alikuwa na vichekesho vya kila namna kwa kila aina ya mkubwa. Hapo havikuja. Alisema usiku mzima amekuwa akiongea na Mwanaidi kuhusu jambo hilo, na kwamba marehemu dada yake hakuwa mtu wa kukubali haraka.

"Waliotukatia hawakutuuliza, Bi Waziri. Na kabla ya hapo, waliotuletea hawakutuuliza vilevile. Mimi nimewauliza hawa. Sikungoja jibu. Siwezi kukaa hapa nikasema niliambiwa nzuri."

"Na watu milioni mbili?"

"Wana siku kumi na moja kabla nyuzi hazijafa. Serikali yao inahitaji hakimu mmoja, meza moja na siku tatu. Nikinyamaza, wale wa kambini hawana hata siku moja."

Waziri akatazama dirishani, kwenye ukungu uliokuwa unapanda kilima cha pili taratibu kama kawaida yake. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, maana katika wizara ile hakuna aliyewahi kulisikia neno hapana. Lipo neno jingine linalofanya kazi yake, na kila karani mpya hufunzwa maana yake wiki ya kwanza.

"Tutaona," akasema Bi Sekiete.

Zahoro akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Ahsante, Bi Waziri. Basi acha niende nikaone."

"Zahoro. Unajua nimesema nini."

"Nimesikia jibu la kwanza," akasema, "na fundi wetu amenihakikishia kwamba ndilo la moyo."

Alikuwa kwenye ngazi aliposikia nyuma yake kitu kama kicheko, au kama mtu aliyepaliwa. Hakugeuka kuhakikisha. Kuna majibu ambayo ni heri usiyasubiri.

*

Kamishna Masatu alifurahi kumwona tena. Kikohozi kilikuwa kimeongezeka, naye alisema hajambo. Zahoro alimweleza kuwa sheria inamruhusu kurudia ushahidi, na Kamishna, aliyekwisha kuona taa za kijani mia tatu na kumi na mbili, hakuona ubaya wa kuziona tena. Akaagiza hema litandikwe palepale, chini ya mnara nambari kumi na saba.

Zahoro akaomba aanze na yule mwanamke mwenye wingu jichoni. Aliitwa Chausiku Ndago, mwalimu wa shule ya msingi ya Magadini. Safari hii hakumfunga ukanda alipoketi. Aliweka kidude mezani, akakigeuzia mgongo, akamsalimu. Akamuuliza habari za asubuhi, akaambiwa njema. Za tangu juzi, salama. Za kazi, nzuri. Za wenziwe, hawajambo. Za nyumbani, hana habari lakini ni njema. Akaendelea hivyo, bila haraka, kama watu waliokutana kisimani, mpaka salamu zote zikaisha na kimya kikakaa kati yao kama mtu wa tatu. Hapo ndipo alipomfunga Shahidi shingoni, na akauliza swali la neno moja.

"Ila?"

Mwalimu Chausiku akacheka. Alicheka mpaka jicho lake zima likatoa machozi.

"Nikadhani ninyi watu wa milimani hamkulelewa," akasema. Zahoro akakiri kwamba yeye alilelewa, ila alisahau.

Akasimulia, na kila kidude kilipojifunga Zahoro aliuliza "ila?" upya kikafunguka, na taa ikawa kijani tupu. Kosa lake lilikuwa hesabu. Mwaka ule watu walikuwa wakichukuliwa Magadini, na watoto darasani waliuliza, naye akawatungia zoezi: katika mtaa mna wanaume kumi na wawili, wakachukuliwa watano, wamebaki wangapi? Mkaguzi wa elimu aliliona ubaoni. Alichukuliwa kabla watoto hawajapata jibu. Miaka minne, hakimu hajamwona. Jicho liliingia maji ya chumvi katika kisima ambamo wafungwa hukwangua chumvi, akaomba dawa, akaambiwa jicho moja linatosha kuona chumvi. Alivyosimulia, ungedhani anasahihisha madaftari. Hakuna mahali alipoinua sauti.

Kabla hajaandika, Zahoro alimwambia yote. Kwamba akiandika, chachu haitavuka. Kwamba mnara huu juu ya vichwa vyao ndio unaonywesha Magadini. Kwamba siku ya kumi na moja nyuzi zitakufa, na ikiwa serikali itakuwa na kichwa kigumu, watu watakufa baada ya nyuzi. Alimweleza na habari za Mwanaidi, ambazo hazimo katika sheria yoyote. Akamwambia akisema asiandike, hataandika, na hatamwona mwoga.

Juu, tone lilidondoka kwenye birika, na jingine.

"Mama yangu anakunywa maji haya," akasema.

"Najua."

"Kama angekuwa amekaa hapa, ukamuuliza hali, angekwambia nzuri. Ungemsubiri?"

"Ningemsubiri."

"Basi andika. Na wale wengine waambie vilevile kabla hawajasema. Asije mtu akasemewa tena."

Kazi ilichukua siku mbili na nusu. Kila mmoja aliambiwa, kila mmoja akasalimiwa mpaka mwisho wa salamu, kila mmoja akaulizwa lile neno. Kumi na tisa walisema asiandike; wana watoto wanaonywea minara, na yeye hakuandika, akawashika mkono. Mzee mwenye vidole vilivyoliwa alisema yake kwa maneno sita tu, kisha akaomba aruhusiwe kukaa kidogo hemani, maana kiti kilikuwa na mgongo. Alikaa mpaka jua likapinda. Mwingine hakuwa na malalamiko ya kwake. Alitaka liandikwe jina la aliyelala kando yake, ambaye asubuhi moja ya mwezi Machi hakuamka.

Kamishna aligundua siku ya pili, aliposikia kelele ya mtu kulia na kucheka kwa pamoja, sauti ambayo haikuwahi kusikika kambini. Hakuweza kulibomoa hema. Mkataba ulikataza, na Tambarare nzima ilikuwa ikinywa kwa mkataba huo. Akaja asubuhi ya tatu, kofia mkononi. Zahoro alikuwa amemwita Mwalimu asimame kama shahidi wa kidole, na bamba la kusahihishia Cheti, linalopokea kidole na kupeleka habari mpakani, lilikuwa wazi mezani.

Kamishna alianza kwa upole. Alisema yeye ni mtumishi tu, hakuwakamata watu hawa, aliletewa. Kisha akatoa alichokuja nacho: leo hii, sasa hivi, Mwalimu Chausiku Ndago anaweza kutoka, akapanda gari la Mkaguzi, akaenda kutibiwa jicho milimani. Yeye na wengine watano atakaowataja. Bamba tu lifungwe.

Zahoro akamtazama Mwalimu. Hakumwuliza kwa mdomo, na hakuwa na haja. Mwanamke yule alikuwa ameshageuza uso kuwatazama waliopanga foleni nje, kama anayehesabu darasa kabla ya kengele. Zahoro alimfikiria dada yake, bati mkononi, udongo mgumu. Kisha akaweka kidole kwenye bamba, akakikandamiza mpaka taa ikazunguka na kutulia. Mpakani, kilomita mia nne kutoka pale, malori ya chachu yakazima injini.

Kamishna alikohoa kwa muda mrefu. Alipomaliza hakumsemesha Zahoro tena. Alimgeukia mwanamke, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyeona pa kupiga.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa hesabu. Weka milioni mbili upande huu, na mia tatu na kumi na wawili upande ule. Watoto uliowafundisha wakikauka koo, wataniuliza nani aliyewafungia maji. Nitawajibu nini?"

Mwalimu Chausiku alishusha jicho lake moja kutoka kwenye uso wa Kamishna, likapita vifungo vya shaba, likatua kwenye mkanda, paliponing'inia funguo za mabanda yote ya kambi.

"Wajibu kwamba ufunguo ulikuwa kiunoni mwako, Kamishna, na ulipewa siku kumi na moja."